Mikono ya kuzuia ekseli niliyoitengeneza mwenyewe kwa gari langu la dizeli la kuvuta sledi: uzoefu wangu baada ya msimu mmoja

Nina pikapu ya Ram 2500 ya mwaka 2006 yenye injini ya Cummins ya lita 5.9, gari ambalo siku za kazi hunipeleka karakana na siku chache za kiangazi huingia uwanjani kuvuta sledi kwenye maonyesho ya kilimo ya kaunti hapa Ohio, Marekani. Majira ya baridi yaliyopita niliitengenezea mikono miwili ya kuzuia ekseli ya nyuma isijizungushe, ile ambayo mafundi wa huku huiita traksheni baa, na sasa nimeitumia msimu mzima. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wanaozungumza Kiswahili walio na magari ya aina hii na wanaojiuliza kama kazi hii inafaa kufanywa nyumbani.

Kwa asiyeyajua mashindano haya, gari hufungwa mnyororo kwenye sledi yenye sanduku zito ambalo husogezwa mbele na kupanda kadiri sledi inavyokwenda, hivyo mbele ya sledi huzidi kukandamizwa ardhini hadi gari lishindwe kuendelea au lifike futi 300, yaani mita 91 hivi. Katika daraja ninaloshiriki ndoano hairuhusiwi kuzidi inchi 26 kutoka ardhini, na springi za majani hubaki nyuma kama zilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo penye shida.

Injini hii ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu ya kuzungusha ya takriban niutoni mita 827. Ukiizidisha kwa gia ya pili, kwa gia ya chini ya magurudumu manne na kwa meno ya difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli) ya 3.73, unapata zaidi ya niutoni mita 12,000 kwenye magurudumu, hata kabla hujaigusa turbo wala programu ya injini. Magurudumu yanapozunguka kwenda mbele, nyumba ya ekseli hutaka kuzunguka kinyume chake, na kinachoizuia ni majani ya springi peke yake. Majani hayo hupinda kwa umbo la herufi S, pua ya difu huinuka, krosi za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye difu) hufanya kazi kwa pembe mbaya, kisha springi huchoka kupinda na kujirudisha kwa ghafla, na tairi hurukaruka badala ya kuuma udongo.

Nililifahamu jambo hili kwa maneno, lakini sikulielewa hadi nilipoliona. Mdogo wangu alibandika simu yake kwenye kishikio cha sumaku chini ya chesisi tukavuta sledi siku ya mazoezi. Jioni aliniita nitazame picha zile zilizopunguzwa mwendo. "Kaka, hebu ona, difu inanyanyua pua kama mtumbwi," aliniambia, na kweli, chuma ambacho sikuwahi kukidhania kinaweza kusogea kiliinuka karibu upana wa viganja viwili, kikashuka, kikainuka tena, mara nne au tano kwa sekunde moja. Mwezi huohuo nilikuwa nimekwisha kubadilisha krosi mbili.

Wazo langu la kwanza lilikuwa lile nililokulia nalo Moshi, ambako fundi wa malori akiona springi imelegea huongeza jani. Niliongeza jani moja kila upande. Kuruka kulipungua kidogo, lakini gari likawa gumu mno barabarani, na pua ya difu iliendelea kuinuka. Jani la ziada ni dawa ya mzigo unaokandamiza kutoka juu. Halitoshi kwa ekseli inayotaka kujiviringisha. Niliyatoa.

Mikono iliyotengenezwa kiwandani ilikuwapo madukani, na kwa gari langu bei nilizopewa zilizidi dola 600. Mimi ni mchomeleaji kwa kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo niliamua kununua bomba na bamba la chuma na kuunda mwenyewe. Nilichagua bomba la DOM, yaani lililovutwa juu ya kiini cha chuma, la kipenyo cha inchi 2 lenye unene wa robo inchi. Uchaguzi huu una sababu ambayo wengi huikosea: wakati wa kuvuta, sehemu ya chini ya ekseli husukumwa kwenda mbele, kwa hiyo mkono uliofungwa chini ya ekseli haunyooshwi kama kamba, bali hubanwa kama nguzo. Chuma kirefu chembamba kikibanwa hupinda katikati, na kinachokiokoa ni upana wa bomba zaidi ya ubora wa chuma chenyewe. Mkono wangu mmoja una urefu wa sentimita 132 na uzito wa kilo 9 hivi.

Kwenye ekseli nilichomelea vishikio vya bamba la unene wa inchi tatu kwa nane, vilivyokatwa kwa umbo la kukumbatia bomba la ekseli lenye kipenyo cha inchi 4. Nilivichomelea kwenye bomba tu, wala sikugusa sehemu ya katikati ya difu, kwa sababu ile ni chuma cha kumimina na kuchomelea juu yake kunahitaji utaratibu mwingine kabisa. Kazi hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Nilisugua rangi na kutu kwa grinda hadi chuma kikang'aa, nikaondoa waya hasi wa betri, nikabana waya wa ardhi wa mashine karibu kabisa na mahali pa kuchomelea ili umeme usipite kwenye bearingi, kisha nikachomelea vipande vifupi vya sentimita mbili au tatu kwa kupokezana, kushoto, kulia, juu, chini, nikisubiri hadi niweze kuweka kiganja juu ya bomba kabla ya kuendelea. Ukichomelea mfululizo upande mmoja, bomba la ekseli hupinda, na ekseli iliyopinda itakula bearingi na sili za magurudumu hadi utakapoichoka. Saa tano zilipita kwa vishikio viwili.

Mbele, kishikio nilikifunga kwenye chesisi kwa bolti nne za nusu inchi za daraja la 8 la uimara bila kukichomelea, na katika kuchagua mahali pa kukifunga ndipo nilipofanya kosa langu kubwa.

Mara ya kwanza nilifuata nafasi iliyokuwa rahisi kufikiwa kwa drili, na mkono ukaelekea juu kwa nyuzi 14 hivi kutoka ekseli kwenda mbele. Uwanjani gari lilivuta vizuri, lakini barabarani kila nilipopita kwenye tuta nilihisi pigo kavu mgongoni, na baada ya wiki mbili bushi za mbele za springi, yaani mipira ya ncha zake, zilianza kulia. Sababu ni kwamba springi na mkono hufuata njia tofauti ekseli inapopanda na kushuka. Mkono ulioinama sana husogeza chini ya ekseli mbele na nyuma kupita inavyotaka springi, na vitu viwili visivyokubaliana vikifungwa pamoja, kile chenye mpira ndicho huumia. Niliondoa vishikio, nikatengeneza vingine virefu zaidi kwenda chini, na safari hii nikapima kwa kipima pembe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote manne, tangi likiwa na mafuta nusu. Nilibakiza mwinuko wa nyuzi 4 tu. Mwinuko mdogo wa namna hiyo una faida, kwa kuwa mkono unapobanwa huinua chesisi kidogo na kuisukuma ekseli chini, hivyo tairi hupata uzito zaidi wakati ambapo inauhitaji.

Ncha moja ya kila mkono ina uzi wa kulia na nyingine uzi wa kushoto, kwa hiyo urefu hurekebishwa kwa kuuzungusha mkono wenyewe na kukaza nati za kufungia. Kipimo changu cha kujua kwamba urefu ni sahihi ni rahisi: gari likiwa chini, bolti ya mwisho lazima iingie kwa kusukumwa na vidole. Ikihitaji nyundo, ekseli tayari imelazimishwa kukaa mahali isipotaka.

Kuhusu viungo vya ncha nina malalamiko. Nilinunua viungo vya haimu, yaani vya tufe linalogeuka ndani ya pete ya chuma, vya robo tatu ya inchi kutoka duka moja la mtandaoni, vikiwa na maelezo mazuri ya mzigo vinaoweza kubeba, na baada ya kuvuta mara sita tufe la ndani lilikuwa limelegea kiasi cha kugonga kwa sauti iliyosikika ndani ya gari hata nikiendesha taratibu. Nilipokifungua kimoja nilikuta utando wa ndani umepasuka na kutoka vipande vyeupe vidogo kama ganda la yai. Duka halikujibu barua zangu mbili. Niliviacha vya haimu mbele tu, safari hii vya inchi moja na vya chuma bora zaidi, na upande wa ekseli nikaweka bushi za poliyurithani zenye chuchu ya grisi. Kwa gari linalokwenda kazini kila siku kwenye barabara za Ohio zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, bushi ni bora kuliko haimu: hazipigi kelele, na chumvi haizimalizi upesi. Kama gari lako ni la uwanjani tu, haimu pande zote mbili itakufaa.

Matokeo ni haya. Siku ya kwanza ya msimu nilifika futi 287, ilhali mwaka uliotangulia uwanja huohuo niliishia 241. Sitaki kuipa mikono sifa yote, kwa sababu udongo ulikuwa na unyevu mzuri zaidi na nilikuwa nimepunguza upepo wa tairi. Ushahidi ninaouamini zaidi ni simu ya mdogo wangu, iliyobandikwa palepale: pua ya difu inasogea unene wa kidole, kisha inatulia, na tairi inazunguka bila kuruka hata mara moja hadi sledi inaposimama. Sikubadilisha krosi yoyote msimu mzima. Gharama yote, pamoja na viungo vya mara ya pili, ilifika dola 390, bila kuhesabu gesi ya mashine na siku nne za kazi.

Naupa mradi huu nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoinyima ni kwa sababu ya vishikio vya mbele nilivyolazimika kuvitengeneza mara mbili. Ningemshauri afanye hivi mtu anayejua kuchomelea chuma kinene na ambaye mshono wake umewahi kupimwa. Asiye na ujuzi huo anunue mikono ya kufungwa kwa bolti, kwa maana kishikio kikiachia katikati ya kuvuta, mkono hugeuka mkuki chini ya gari, karibu na propela inayozunguka. Mimi mwenyewe nimeongeza kinga ya chuma kuizunguka krosi ya nyuma, na kila baada ya kuvuta huingia chini ya gari na taa na brashi ya waya kukagua kingo za mishono kabla sijalipakia gari kurudi nyumbani.