Precision au Jazz: besi ipi kwa roki ya Dodoma?
Mpigaji wa roki wa hapa Dodoma anayetafuta gitaa la besi, liwe la kampuni ya Fender yenyewe au lililoigwa, mara nyingi hubaki na miundo miwili mkononi: Precision, iliyotoka mwaka 1951, na Jazz ya mwaka 1960.

Tofauti kubwa imo katika pikapu, yaani sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi. Tangu mwaka 1957 Precision ina pikapu iliyogawanywa vipande viwili vinavyofuta mvumo wa umeme. Sauti yake ni nene, imejaa katikati, na haimezwi na gitaa lenye mkwaruzo mkali, ndiyo maana Steve Harris wa bendi ya Iron Maiden hajaiacha. Jazz ina pikapu mbili, kila moja na kitufe chake cha sauti. Ukiipa nguvu ile ya karibu na daraja, yaani kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, sauti hukauka na kung'ata, kama tunavyoisikia kwa Geddy Lee wa bendi ya Rush. Pikapu hizo zikiwa na nguvu sawa nazo hufuta mvumo, lakini ukipunguza mojawapo mvumo hurudi, na katika kumbi zenye nyaya zisizo na ethi hilo linakera kwelikweli.

Shingo ya Jazz ni nyembamba zaidi, yapata milimita 38 pale nyuzi zinapoanzia.

Kwa bendi yenye magitaa mawili ningechukua Precision bila kusita. Bendi ya watu watatu, ambamo besi hujaza nafasi kubwa, inaidai Jazz. Vyovyote vile, ukavu wa kiangazi chetu huathiri shingo ya mbao, kwa hiyo fimbo ya chuma iliyomo ndani yake ikaguliwe kabla ya onyesho.