Hors de prix: muvi ya Kifaransa ya masponsa, na watu wa Kisumu mtaielewa vizuri sana

Kama umechoka na muvi za mapenzi zenye mwisho unaujua kabla hata soda ipoe, tafuta Hors de prix ya 2006. Dairekta ni Pierre Salvadori, na kwa komedi za mapenzi za Ufaransa zote nimewahi kuona hii ndio naweka mbele.

Stori ni ya sponsa. Irène (Audrey Tautou, yule dada wa muvi ya Amélie) anawekwa na wazee wa pesa kwa mahoteli makubwa ya baharini. Usiku mmoja mzee wake amelewa amelala, anashuka baa anampata Jean, anadhani ni mgeni tajiri kumbe ni mfanyakazi wa hapo hapo, na jamaa ananyamaza tu. Ukweli ukitoka mzee ashamtupa, Irène anaenda zake Nice, Jean anamfuata na akiba yake yote na dada anaamua kuimaliza, chakula, nguo, rumu, bili juu ya bili, mpaka kijana anabaki na yuro moja mkononi. Anampa hiyo yuro amuongezee sekunde 10 za kumwangalia. Gad Elmaleh, yule anaigiza Jean, hapo haongei sana, ni macho tu yanafanya kazi, na nilirudisha hiyo sehemu tena na tena.

Halafu mumama tajiri anamchukua Jean, sasa naye anawekwa, na Irène ndio anamfunza kazi!

Kitu napenda kwa Salvadori ni hakuna mtu anadharauliwa. Huku kwetu stori ya sponsa ni matusi ama mahubiri, lakini hapa hata yule mumama si mjinga, anajua vizuri analipia nini, na unamhurumia. Mahali muvi inapungua ni kwa Irène mwenyewe, hatuambiwi vya kutosha alitoka wapi mpaka akafika hapo, na ningetaka sana kujua.

Hakuna DJ wa kukutafsiria kama kwa vibanda vya Kondele, unasoma maandishi ya chini, lakini usiogope. Salvadori ni shabiki mkubwa wa Ernst Lubitsch, yule dairekta wa zamani mzaliwa wa Berlin aliyetamba Hollywood, na inaonekana juu vichekesho vingi viko kwa milango, kujificha na watu kupishana. Mama yangu hafuatangi maandishi ya mbio na alicheka mpaka machozi.

Ukiipenda, ongeza Les Émotifs anonymes ya Jean-Pierre Améris (2010), watu wawili wenye haya kupita kiasi wanapendana kwa biashara ya chokoleti, haifiki hata saa moja na nusu. L'Arnacœur ya Pascal Chaumeil, pia ya 2010, ni nyepesi zaidi, lakini Romain Duris anachekesha.

Naipa 9 kwa 10. Na ukiwekewa kwa flashi hapo tao, kwanza cheki maandishi yanaendana na sauti kabla ulipe, nakala yangu ya kwanza mtu alikuwa anajibu swali hujasoma bado.