Mguu bandia wa chini ya goti: uzoefu wangu, miaka miwili na soketi mbili

Mimi ni mama ntilie hapa Dar, saa kumi na moja alfajiri nishawasha jiko na kukaa ni mpaka saa tisa huko, kwa hiyo mguu kwangu sio wa kuendea kanisani tu. Nilikatwa wa kulia chini ya goti, bodaboda.

Mguu wa kwanza nilikimbilia. Pale nilipoutengenezea sipataji ila walinipima kigutu bado kimevimba na mimi bandeji nilikuwa nafunga siku nikikumbuka, basi miezi minne tu kikasinyaa, soketi, yaani kile kikombe kinapoingia kigutu, ikaanza kupwaya. Nikaambiwa ongeza soksi za kuvalisha kigutu. Nikavaa mbili, tatu, nikafika tano na bado nazama humo ndani mpaka ncha ya kigutu inagonga chini, kila hatua gwa, gwa. Nikirudi naambiwa mama utazoea. Nilichozoea ni kidonda, nikarudi kwenye magongo wiki sita na biashara anashika mdogo wangu, ambaye wali wake mnaujua wenyewe hahaha.

Soketi ya pili nilitoa hela yangu ya mchezo yote. Fundi huyu kasomea TATCOT, kile chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC Moshi, na tofauti niliiona kabla hajagusa hata plasta ya kuchukulia umbo la kigutu. Alikaa kwenye kistuli akawa anakibonyeza kigutu kwa dole gumba, hapa panauma? hapa je? kila penye mfupa anachora duara kwa penseli. Ndo akanieleza dada, ncha haibebi uzito, unabebwa hapa kwenye mshipa chini ya pia ya goti na huku pembeni. Kumbe mwaka mzima nilikuwa nasimamia pasipotakiwa!! Alinirudisha mara tatu kurekebisha, nauli iliniuma, ila sasa napiga siku nzima.

Mapungufu yapo. Jasho kwanza. Ikifika saa sita naenda nyuma ya banda, navua mguu, nakamua soksi kama dekio, najifuta, navaa kavu. Mteja mmoja alinikuta nimeukumbatia mguu mkononi akaondoka kasahau mpaka chenji. Pili kandambili haishiki, vidole vya huu unyayo wa raba vimeungana, labda uifunge na kamba kisigino. Tatu viatu, hili hakuna aliyeniambia: mguu umepangwa kwa urefu wa kisigino cha kile kiatu ulichoenda nacho kwa fundi, ukibadilisha kila kitu kinahama. Harusi ya mdogo wangu nikajitia viatu vya kisigino, sio kirefu hata, jamani ukumbini nilikuwa kama nashuka mlima, goti linasukumwa mbele muda wote, keki imekatwa mimi nipo peku.

Na usiku bado vidole ambavyo havipo vinawasha. Nakuna ule mguu mzima wa kushoto, wakati mwingine inasaidia sijui kwa nini.

Nyota: soketi ya kwanza moja (kwa sababu hakuna sifuri), ya pili nne na nusu, unyayo tatu. Ukienda kwa fundi acha kuangalia rangi ya plastiki, angalia kama anakigusa kigutu au anapima kwa macho.

Kila nikivua nakipiga picha kigutu kwa simu, chini na nyuma ambako sioni. Wanasema angalia wekundu ila sisi weusi wekundu utauona wapi, mimi natafuta palipozidi weusi au pa moto, nikikaa kama dakika kumi na tano alama haijaondoka najua kesho sivai. Wiki hii nimefika soksi nne tena, Jumatatu naenda kupimwa soketi ya tatu. Wali atapika yuleyule, mtanisamehe.