TAHADHARI: "Flopi ya BIOS" ya elfu themanini ni upigaji mtupu

Wadau wa kompyuta za mtumba, hasa mnaopeleka mashine Kariakoo, kuna mchezo unaendelea kuhusu BIOS, ile programu ndogo iliyo ndani ya chipu inayoamsha mashine kabla ya Windows. Mashine ikikorofisha kidogo tu unaambiwa, "BIOS imezeeka, inatakiwa iapdetiwe, na hii aina yako inakubali flopi tu. Flopi hazitengenezwi tena, tunazo sisi." Uongo huu unapita kirahisi kwa sababu una chembe ya ukweli ndani yake: zamani BIOS ilisasishwa kwa flopi (zile diski bapa za zamani) kweli, na Sony waliacha kuuza diski hizo mwaka 2011.

Aliyepigwa safari hii ni dada mmoja mwenye steshenari Mbagala, ambaye huwa namhudumia mashine zake. Dell OptiPlex 790 yake ilianza kupiga mlio na kugoma kuwaka. Mimi nilikuwa safarini, akaipeleka dukani. Akaambiwa aiache ilale, akalipa 80,000, ikarudi inawaka vizuri. Risiti imeandikwa "BIOS kwa flopi".

Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika msinfo32, ukafunguka ukurasa wa taarifa za mashine. Mstari wa BIOS Version/Date unaonyesha toleo lilelile na tarehe ileile iliyo kwenye picha niliyoipiga siku namfungia mashine. BIOS haijaguswa. Kilichoguswa ni RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine): vilikuwa vipande viwili vya GB 4, kimebaki kimoja.

Halafu jiulizeni: mashine inayopiga mlio, BIOS yake imekufaje? Mlio ule unatolewa na BIOS yenyewe ikilalamika kuhusu kifaa, na mara nyingi mkosaji ni RAM. Unazima, unachomoa waya wa umeme, unatoa RAM, unasugua meno yake kwa ufutio, unarudisha. Nina uhakika ndicho walichofanya, wakasahau kurudisha kimoja. Au "wakasahau".

Sasa kuhusu BIOS yenyewe. Faili lake ni la bure, liko kwenye tovuti ya waliotengeneza mashine, iwe Dell, HP au Lenovo. Kwa Dell unaingiza Service Tag (namba ya utambulisho wa mashine) iliyobandikwa kwenye kasha, unaletewa faili la mashine yako. Mara nyingi unaliendesha ndani ya Windows kama programu nyingine, mashine inajizima na kuwaka yenyewe, kazi imekwisha. Kama Windows haipo, au faili ni la zamani linalotaka DOS (mfumo uliotumika kabla ya Windows), chukua flashi, tumia Rufus (programu ya kuandaa flashi ya kuwashia mashine, nayo bure), chagua FreeDOS (DOS ya bure), kisha nakili faili humo na uwashe mashine kwa flashi hiyo. Flopi inabeba MB 1.44 tu, faili za BIOS za siku hizi ni MB kadhaa, zingeingiaje humo?

Hatari ya kweli ni umeme. Ukikatika katikati ya zoezi, mashine inaweza isiwake tena, kwa hiyo desktop iwe kwenye UPS (betri ya akiba), na laptop iwe na betri yenye chaji huku chaja imechomekwa. Faili la aina nyingine ya mashine usiliguse, na zile za kurushiana kwenye magrupu ya WhatsApp achana nazo. Ikishakufa kabisa, hapo fundi mwenye programa (kifaa cha kuandikia chipu) ana kazi halali na anastahili malipo yake, na hiyo kazi haihitaji flopi.

Ukilazimika kupeleka mashine, piga picha ya msinfo32 kwanza, maana ukurasa huohuo unaonyesha na ukubwa wa RAM. Kaa hapo hapo mpaka wamalize. Wakikuambia "iache ilale", beba mzigo wako.

Dada amewarudia na risiti pamoja na picha. RAM wamerudisha bila ubishi. Pesa bado ni "njoo kesho".