Kupimisha Risasi za Kale kwa Mfua Fedha wa Lamu

Mwezi uliopita nilitoka Malindi kwa basi hadi Mokowe, nikavuka kwa mashua hadi Lamu, nikiwa na risasi nne ambazo marehemu babu yangu aliziokota alipokuwa akilima karibu na Witu. Nilikuwa nikimwendea mfua fedha mmoja mwenye duka dogo katika kichochoro kinachotokea Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa kale, ambaye, pamoja na kazi yake ya pete na vikuku, hukadiria umri na asili ya vitu vya kale vya madini. Malipo yake ni shilingi 500 kwa kila kitu.

Kabla ya kugusa chochote aliuliza kama nilikuwa na risasi iliyo bado kwenye ganda lake pamoja na baruti, kwani hizo hazipokei kabisa na humwagiza mwenyewe azipeleke polisi. Uangalifu huo ulinipa imani naye.

Alianza na ile ya mviringo, ya gobori. Aliipima kipenyo kwa kipimo cha taya, akapata milimita 17.5, kisha akaiweka kwenye mizani yake ya dhahabu, ikaonyesha gramu 31 na kitu. Alinieleza kwamba tufe la ukubwa huo lililotengenezwa kwa madini ya risasi (plumbi) matupu hukaribia gramu 32, kwa hiyo upungufu ule mdogo ungeweza kutokana na kutu. Ingekuwa na gramu 28, angeshuku kwamba imechanganywa na bati au ina tundu la hewa ndani. Chini ya lenzi alinionyesha mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na kovu la mahali madini yaliyoyeyushwa yalipomiminwa, akasema kwamba hiyo ilisubiwa kwa mkono. Nilitarajia aseme kwamba ndiyo kongwe kuliko zote. Alikataa, na sababu yake ndiyo sehemu ya huduma hii niliyoithamini zaidi: Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana uuzaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, pwani yetu ikiwemo, lakini ukaacha mlango wazi kwa gobori za jiwe la kiberiti, hivyo watu wakaendelea kusubu risasi za mviringo wakati majeshi yalikwisha kuziacha. Umbo la kale, kwa hiyo, halithibitishi umri mkubwa.

Ya pili ilikuwa ndefu, yenye kipenyo cha takriban milimita 11 na nusu na uzito unaokaribia gramu 31, ncha yake ikiwa imebonyea. Aliikwaruza kidogo kwa ukucha, akaiona ni ngumu kuliko ile ya kwanza, jambo linaloafikiana na risasi za Martini-Henry, bunduki ya jeshi la Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 1871, ambazo zilitengenezwa kwa sehemu 12 za madini ya risasi na sehemu 1 ya bati, zikazungushiwa karatasi. Alitafuta pia alama hafifu za mifuo saba (michirizi iliyochongwa ndani) ya mtutu wa bunduki hiyo, akaziona tatu tu. “Mwanangu,” alisema, “hii haiwezi kutangulia mwaka 1871. Nikikuongezea zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya.” Nilimweleza kwamba babu aliamini inatoka katika vita vya Waingereza dhidi ya Sultani Fumo Bakari wa Witu mnamo Oktoba 1890. Alijibu kwamba bunduki iliyoundwa Uingereza iliweza kupigwa na mtu yeyote aliyeinunua, na kwamba chimbuko la madini yenyewe hujulikana kwa kupima isotopu zake (aina za atomi zinazotofautiana uzito) maabarani, kipimo ambacho nacho huvurugika pale risasi za machimbo mbalimbali zilipoyeyushwa pamoja.

Ya tatu, yenye utando wa shaba na nikeli, aliimaliza kwa dakika chache: ni ya aina ambayo Waingereza waliianza mwaka 1888 na kuitumia kwa miongo mingi. Ya nne haikuwa risasi ya bunduki hata kidogo, bali chubwi la mshipi wa kuvulia, na hakunitoza kitu kwa hilo.

Kasoro zipo, nami naziona nzito. Alijitolea kuing’arisha ile ya mviringo kwa maji ya ndimu, nikamzuia, kwa sababu asidi hula risasi na kuondoa utando unaoihifadhi pamoja na alama zake. Vielelezo vyake mwenyewe amevifungia katika visanduku vya mbao, ambavyo hutoa mvuke wa asidi, na baadhi vimekwisha kuota unga mweupe. Unga huo ni sumu, lakini chai iliandaliwa mezani palepale bila maji wala sabuni ya kunawa; niliomba vyote viwili kabla ya kunywa. Isitoshe, kadi anayoitoa ina kipenyo na uzito tu, kwa hiyo sababu zake inakubidi uziandike mwenyewe.

Aliniuliza mara mbili risasi hizo zilitoka sehemu gani ya shamba na katika kina gani, nami sikuwa na jibu, kwa kuwa babu hakuandika. Anayeokota kitu leo na aandike mahali kabla ya kukiosha, kisha awaarifu Makumbusho ya Taifa, kama sheria ya urithi ya mwaka 2006 inavyotaka. Mfua fedha naye hulisisitiza hilo kwa kila mteja. Duka hufunguliwa baada ya sala ya alasiri, isipokuwa Ijumaa.