Kuipigia benki simu: salio langu huishia kwenye muziki

Benki yangu hapa Arua ina namba mbili za huduma kwa wateja. Jina lake siitaji, maana wateja wa benki nyingine nao nawasikia wakilia vilevile. Namba ya kwanza inaanza na 0800, ndiyo ya bure. Ya pili ni ya ofisi ya Kampala, inaanza na 0312, na hiyo unailipia kama simu nyingine yoyote. Kwenye bango la tawini zimeandikwa moja chini ya nyingine, herufi sawa, wala hakuna anayekuambia ipi inakula salio.

Ya bure ni ya bure kweli, ikikubali kuita. Kwenye laini yangu moja inaita, kwenye nyingine inakatika kabla hata ya mlio wa kwanza. Namba ya 0800 analipia mwenye namba, si anayepiga, kwa hiyo benki lazima iwe imeelewana na mtandao unaopigia. Wengi wetu tuna laini mbili, ya MTN na ya Airtel. Jaribu zote kabla hujanunua muda wa maongezi. Nikivuka mpaka wa Vurra kwenda Ariwara na mizigo yangu, simu ikashika mtandao wa Kongo, hiyo 0800 naisahau kabisa.

Kilichonifanya niipigie benki ni pesa niliyohamisha kutoka akaunti kwenda kwenye simu. Akaunti ikakatwa, kwenye simu hakikuingia kitu. Nikaenda tawini, kijana wa kaunta akaniambia, "Mama, hiyo ni kazi ya makao makuu, wapigie." Nikapiga 100 kwa watu wa mtandao wa simu, bila kukatwa chochote, wakasema pesa haijawafikia, nirudi benki. Ile 0800 siku hiyo ikawa inatumika kila nikipiga. Nikahamia 0312.

Hapo ndipo nilipojua pesa inaliwa wapi. Hesabu haianzi unapomsikia binadamu, inaanza mashine inapopokea. Kwanza salamu ndefu. Kisha tangazo la mkopo, ambao sikuuomba. Kisha orodha ya lugha, na Kiswahili hakimo, ingawa Baraza la Mawaziri lilipitisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi. Unabonyeza ya Kiingereza, unaletewa orodha nyingine, unabonyeza tena, halafu muziki. Kinanda kilekile kinazunguka, na katikati sauti ya mwanamke inakwambia simu yako ni muhimu kwao. Shilingi 2,000 ziliishia kwenye kinanda. Nikanunua nyingine, nikaanza upya na ile salamu, maana foleni haikumbuki kwamba ulikuwamo. Na kwa kuwa muda wa maongezi una ushuru wa asilimia 12 na VAT ya asilimia 18, serikali nayo ilipata chake huku mimi nikisikiliza kinanda.

Dada aliyenipokea mwishowe sina neno naye. Aliniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na muamala wangu wa mwisho, ili ajue ni mimi. Namba ya siri hakuigusa, na akitokea mtu anayeiuliza, kata simu, huyo si wa benki. Akaona pesa imekwama njiani, akanipa namba ya lalamiko, akasema itarudi yenyewe kwenye akaunti. Ikarudi. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi kuliko ule muziki.

Bei ya sekunde naweza kuivumilia. Kinachoniudhi ni kwamba nitasubiri muda gani anaamua benki, anayelipia ni mimi. Wakiweka watu wachache wa kupokea simu, wao wanaokoa mishahara, mimi nanunua vocha. Na hii ni benki inayonikata ada ya mwezi, ada ya kadi, na ada ya kuhamisha hiyohiyo pesa iliyokwama. Wangeweza kunipigia wao. Namba yangu wanayo, ndiyo wanayoitumia kunitumia ujumbe wa mikopo.

WhatsApp yao inajibu, polepole, lakini kifurushi kidogo cha intaneti kinatosha na unaendelea na kazi zako. Kwa jambo lisilo la haraka, anzia huko. Ukurasa wao wa Facebook usiuhesabu; Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na kuingia bila VPN, ile programu ya kukwepa kizuizi, ni shida. Ukilazimika kupiga 0312, nunua kifurushi cha dakika kwanza, piga asubuhi ofisi zinapofunguliwa, na usikate simu kabla hawajakupa namba ya lalamiko. Ukipiga tena, unaitaja hiyo, huelezi hadithi yote upya kwa pesa yako.

Mwongozo wa Benki Kuu ya Uganda wa 2011 kuhusu kumlinda mteja unazitaka benki ziwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, na usiporidhika na jibu unaweza kulipeleka lalamiko Benki Kuu yenyewe. Nimewaandikia barua kudai gharama za zile simu. Nimeipeleka tawini kwa mkono, nakala yangu wameigonga muhuri. Jibu halijaja.