Uma wa bustani: tazama shingo kabla ya meno

Tuelewane kwanza ni uma upi ninaousema. Si jembe la meno la kuinua na kuangusha, wala si uma wa samadi wenye meno membamba yaliyopinda. Ni ule wa kukanyagia mguu: meno manne yaliyonyooka, mpini mfupi, kishikio juu. Wangu ni wa chuma cha kaboni kilichofuliwa, mpini wa mbao, na nimeutesa vya kutosha kwenye udongo wa mfinyanzi wenye mawe.

Wengi wakishika uma dukani hutazama meno. Yanang'aa, yamechongoka, basi wanalipa. Mimi naanza na shingo, pale chuma kinapouvaa mpini, kwa sababu ukiulaza uma kuinua bonge, nguvu yote inaishia hapo. Uma wa hovyo una shingo ya bati lililokunjwa, likaacha uwazi mgongoni, likashikwa kwa ribiti moja. Uwazi huo unajaa udongo na maji, mbao inaoza kwa ndani huku nje vanishi imetulia. Siku ukikutana na mzizi mkaidi, unabaki na mpini mkononi, chuma kimebaki ardhini. Shingo ya uma wangu imefungwa pande zote, tena ina ndimi mbili za chuma zinazopanda mbele na nyuma ya mpini, na ribiti zimetoboa hadi upande wa pili. Uzito unaongezeka, sikatai. Uma mzima ni kama kilo mbili, na jioni mabega yanajua.

Ukisharidhika na shingo, njoo kwenye meno. Ya kuchimbia yawe na pembe nne. Hayapindi kirahisi kama ya duara. Angalia yanapoungana: ukiona matone ya kuchomelea kila jino linapoanzia, rudisha. Kisha laza uma sakafuni uone kama ncha zote nne zinagusa pamoja. Chuma kizuri ukikibana kinanesa kidogo na kurudi kilipokuwa. Jino lililopinda na kubaki limepinda, hata ukilinyoosha kwa nyundo, litapinda tena palepale.

Sasa, kwa nini nisichukue sepetu tu? Ndago. Gugu gani lile, sijui niliiteje! Vitunguu vyake vimeungana chini kwa nyuzi, na kile cha juu huvizuia vya chini visichipue. Sepetu ikikata nyuzi hizo, vya chini vinapata uhuru na kila kimoja kinaota kivyake. Kwa uma nazamisha meno wima mbali kidogo na shina, navuta kishikio nyuma polepole, udongo unapasuka na bonge linainuka zima. Nalipiga kwa mgongo wa uma, linamomonyoka, na mnyororo wa vitunguu vyeusi unaning'inia kwenye meno. Havitoki vyote, asikudanganye mtu, lakini vinavyobaki ni vichache. Nyungunyungu nao wanapona wengi kuliko kwa sepetu.

Chuma kisichoshika kutu kina sifa yake: udongo unaonata hauking'ang'anii, na kuosha ni dakika moja. Kwenye tuta laini lililokwisha limwa ni raha tupu. Ila mng'ao si ugumu, na kwa ardhi ambayo haijawahi kuguswa bado nachagua kaboni iliyofuliwa, niifute na kuipaka mafuta kila nikimaliza. Na hata iwe kaboni, uma si mtaimbo. Jiwe kubwa linaitaka zana yake.

Upande wa ukubwa, kichwa cha kuchimbia huwa na urefu wa sentimita 30 hivi na upana wa 20. Upo mdogo zaidi, karibu 23 kwa 14, wa kupenyeza katikati ya mimea. Mtu mwembamba asione haya kuuchukua huo; atafanya kazi muda mrefu zaidi kabla hajachoka. Mimi ni mfupi, kwa hiyo mpini wa kawaida wa sentimita 70 unanitosha. Mrefu autafute uliozidi hapo, la sivyo mgongo utamdai.

Lawama yangu kwa uma huu ni moja: mabega ya kukanyagia ni membamba. Kwa buti hutahisi kitu, kwa viatu vya soli laini utachechemea. Kishikio cha umbo la D, kwa upande mwingine, ni kipana, mkono wenye glavu unaingia wote.

Mpini ukague nyuzi za mbao: zikimbie kwa urefu kutoka shingoni hadi kishikioni, zisikatize ubavuni, na pasiwe na fundo. Rangi nzito huficha hayo yote, ndiyo maana napenda mbao tupu iliyopakwa mafuta ya kitani. Na kabla hujalipa, uliza kama mpini wa akiba unauzwa peke yake.